Tuwafundishe Watoto Kuogelea kwa Raha, Woga Hautawaokoa

Hotuba kwa wazazi, walimu, wavuvi na wachakataji wa dagaa, ufukweni Ilemela, Mwanza, katika Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Maji

Mheshimiwa Diwani, mwenyekiti wetu wa mtaa, viongozi wa dini, wazee wangu, walimu wenzangu, wavuvi, mama zangu wa dagaa ambao najua mmeacha mali yenu juani mkaja kunisikiliza, na nyie wanangu mliojipanga hapa mbele kwenye mchanga: mwangaluka!

Leo ni tarehe 25 Julai. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii mwaka 2021 iwe ya kuwakumbuka waliokufa maji na kuzuia wengine wasife. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka huo mmoja watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kwa siku ya namna hii huenda mlitegemea mwalimu asimame awatishe. Sikuja kuwatisha. Ziwa hili tumetishwa nalo vya kutosha tangu utotoni. Nimekuja kuzungumza habari ya raha: raha ya kuogelea, na kwa nini naamini raha hiyo ndiyo itakayotunusuria watoto.

Hebu tujitazame. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Afrika nzima hakuna ziwa kubwa kuliko hili. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya ufukwe wake. Uwe unatoka Igogo, Kirumba, Bwiru, Luchelele au Kayenze, hutembei sana kabla hujakanyaga maji. Sato wetu anatoka humu, dagaa wetu wanatoka humu, maji ya kunywa yanatoka humu. Sasa nawaomba watu wazima mliopo hapa: anayeweza kuogelea kutoka hapa mpaka kwenye ule mtumbwi uliotia nanga, anyooshe mkono. Naiona mikono. Ni michache, na karibu yote ni ya wanaume. Na kati ya hao wanaume ambao hawakunyoosha, wapo wanaokesha ziwani usiku wa giza wakivua dagaa kwa taa, mbali kabisa na nchi kavu. Siwataji. Wenyewe wamekuwa wakiniambia kwa uwazi, na nawashukuru kwa uwazi huo.

Chanzo chake tunakijua sote. Tumelelewa kwa "usiende ziwani". Mzazi anasema hivyo kwa upendo, wala simlaumu. Lakini mzazi huyohuyo jioni anamkabidhi mtoto dumu akachote maji. Kesho anamtuma kufua, keshokutwa kuosha masufuria. Mtoto anaingia majini kila siku ya Mungu, ila tumemnyima ujuzi wa kutoka humo akiteleza. Na hamu yake ya kucheza haifi kwa kukatazwa. Anakwenda kucheza kwa kujificha, pamoja na wenzake wadogo, nyuma ya mawe ambako hakuna mtu mzima wa kuwaona. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta. Woga haumfundishi mtu kuogelea. Woga unamzamisha. Nawaeleza namna mwili ulivyoumbwa. Mapafu yakijaa hewa, miili ya watu wengi ni myepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo maji yanaibeba. Nasema kidogo, lakini hicho kidogo kinatosha pua na mdomo kubaki juu. Mtu mwenye hofu anafanya kila kitu cha kuivuruga hesabu hiyo. Anakaza shingo, anainua kichwa, anarusha mikono hewani akitafuta pa kushika. Kiungo kinachotoka nje ya maji hakibebwi tena na maji, kinakuwa mzigo unaousukuma chini mwili uliobaki. Pumzi anaikatakata, mapafu hayajai. Wazee walisema mfa maji haishi kutapatapa, nao walikuwa wameona kwa macho yao, maana kutapatapa kwenyewe ndiko kunakommaliza nguvu. Aliyelegeza mwili, akajaza kifua, akalala chali, anaelea. Na mtu hawezi kulegea mahali anapopaogopa. Analegea anapokuwa na furaha. Kwa hiyo mkinisikia nasema mtoto acheke kwanza majini, msidhani namdekeza. Kule kucheka ndiyo mbinu yenyewe ya kuelea.

Niwaelezeni ninavyomfundisha mama mtu mzima, ili mlione hili kwa karibu.

Anafika asubuhi, amevaa suruali ya kubana na fulana, khanga ameiacha ufukweni juu ya ndala zake. Tunaingia taratibu mpaka maji yafike kiunoni, mahali ambapo mchanga wa chini bado unaonekana. Hatuogelei. Tunasimama tu, tunaongea habari za watoto na bei ya dagaa, mpaka mabega yake yashuke. Kisha anachota maji kwa viganja viwili, anaingiza uso, anapuliza mapovu kwa pua na mdomo, anainuka. Anarudia. Mwanzoni kila akiinuka anajifuta uso haraka kwa mikono miwili. Siku anapoacha kujifuta, akayaacha maji yatiririke yenyewe, najua sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Halafu nasimama nyuma yake. Kiganja kimoja naweka chini ya kisogo, kingine chini ya mgongo, namwomba alale atazame mawingu. Kinachogoma kwanza ni shingo. Shingo ya mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, imebeba mabeseni na ndoo miaka yote, haijazoea kumkabidhi mtu mzigo wake. Naisikia kiganjani ngumu kama mpini wa jembe. Namwambia masikio nayo yaingie majini. Yakishazama, kelele za mwaloni zinakatika, anabaki anasikia pumzi yake mwenyewe. Anavuta hewa, tumbo linapanda. Anaitoa polepole, linashuka. Vidole vya miguu vinachomoza juu ya maji. Kiganja cha mgongoni nakiondoa mapema. Cha kisogoni kinabaki, kinakuwa vidole viwili, kinakuwa kimoja, mwisho hakuna. Wengi hawajui ni wakati gani nimewaachia. Wakigundua wanacheka, wakicheka hewa inatoka na wanazama kidogo, wanasimama wakikohoa, na hapohapo wanaomba turudie. Mtu akishaomba mwenyewe kurudia, yaliyobaki ni mazoezi tu.

Ningependa kila mama aliyepo hapa aionje ile dakika. Tangu alfajiri amebeba maji, amebeba kuni, amebeba beseni, amebeba mtoto. Ghafla hana anachobeba, hata uzito wake mwenyewe haupo. Huu ni ukweli unaopimika. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni, miguu yako inabeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakifika shingoni, inabeba karibu sehemu moja ya kumi. Bibi ambaye magoti yanamuuma hata kupanda kilima cha kwake, majini anatembea, anapiga miguu, anajigeuza, na maumivu yanamwacha apumue. Nimewaona wazee walioingia wakishikwa mikono wakageuka kuwa watu wa kunirushia maji.

Na faida haziishii kwenye magoti. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara mia nane, kwa hiyo kila unaposukuma mkono au mguu, misuli inafanya kazi bila wewe kuinua chuma chochote. Mabega, mgongo, tumbo, mapaja, vyote vinashiriki pamoja. Ukiwa umelala na maji yakiubana mwili pande zote, damu inarudi moyoni kwa urahisi zaidi, na moyo unajizoeza kazi bila mishtuko ya kukimbia kwenye lami. Wenye presha na sukari mnaambiwa hospitali kila mara mfanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Wengi wenu mmeshindwa kwa sababu ya uzito au viungo, na kukimbia barabarani mnaona aibu. Majini hakuna anayekuona zaidi ya kichwa. Kina mama wajawazito nao, kliniki ikiwaruhusu, wanapata nafuu kubwa ya mgongo. Watoto wenye pumu, wengi wao huvumilia kuogelea vizuri kuliko mbio, kwa kuwa hewa iliyo juu ya maji ina unyevu. Ila mwenye kifafa asiingie majini hata siku moja bila mtu mzima wa kumshika, na mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.

Usingizi sitauelezea sana. Mpeleke mtoto wako akaogelee asubuhi, halafu uangalie usiku atakavyolala.

Kuna neno moja kwa waliojifunzia Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Maji ya bahari yana chumvi, mita moja ya ujazo ina kilo kama 1,025, wakati haya yetu ni kama 1,000. Kwa hiyo ziwa linakubeba kidogo kuliko bahari. Ukilala chali ukaona miguu inashuka, usibabaike. Nyoosha mikono nyuma ya kichwa, ndani ya maji, mwili utapata mizani. Upande wa joto Mungu ametupendelea, juu ya ziwa maji huwa kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, na watoto wembamba ndio wa kwanza kuishiwa. Midomo ikianza kutetemeka, mtoto atoke, avae, anywe uji.

Sasa tuje kwenye hofu ambazo zina haki ya kuwepo, maana nikiwasifia maji nikanyamaza juu ya haya nitakuwa nimewadanganya.

Kichocho kipo. Hapa Mwanza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo ambacho kimeuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Kichocho cha tumbo kinaanzia kwenye kinyesi cha mtu mgonjwa kinachoingia ziwani, kinapitia kwa konokono wadogo wa majini, na kutoka kwa konokono vinatoka vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye matete na magugu. Vijidudu hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana. Ndiyo maana nafundisha mapema asubuhi, kwenye ufukwe wa mchanga uliosafishwa matete na unaopigwa na mawimbi. Hapo hatari inapungua, haiishi. Kwa hiyo kila anayeingia ziwani, iwe kwa kuogelea au kwa kuchota maji, anywe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa utaratibu wa wahudumu wa afya. Shuleni watoto hupewa. Wazazi, msiwafiche watoto nyumbani siku ya dawa! Na choo, jamani. Kila kaya inayojisaidia ufukweni inawapandia watoto wa wenzao ugonjwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu liko mikononi mwetu.

Mawe yetu ni mazuri, wageni wanatoka mbali kuja kuyapiga picha. Vijana mnayapanda na kuruka kichwa mbele. Chini ya maji kuna mawe mengine ambayo huyaoni, na shingo ikivunjika hospitali haiwezi kukurudishia miguu yako. Ingia kwa miguu, polepole, kwanza ujue kina. Mamba na viboko waulizeni wavuvi. Wao wanajua ni ghuba ipi na ni wakati gani, na wakisema hapa pasiogelewe, basi hapaogelewi, wala mwalimu hana cha kuongeza. Na pombe na ziwa visikutane kabisa.

Najua pia kwamba wapo hapa wenye majonzi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, na zaidi ya watu 800 walipotea. Makaburi yao ya Igoma tunayapita tukielekea kwenye shughuli zetu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka Ukara, karibu kabisa na gati la Bwisya, ikachukua zaidi ya watu 220. Sitathubutu kusema kwamba kama marehemu wetu wangejua kuogelea wangetoka wote. Chombo kikipinduka na watu wakiwa ndani, hata bingwa anaweza kubanwa. Kilichotakiwa pale ni chombo kutojazwa kupita kiasi, na madai hayo tusiyaachie kamwe: idadi ya abiria iheshimiwe, jaketi okozi ziwepo na zivaliwe. Kuogelea hakuchukui nafasi ya sheria. Lakini wengi wanaokufa katika ziwa hili hawafii kwenye meli kubwa. Wanakufa mmojammoja, kwenye mtumbwi uliopigwa na wimbi, kwenye ukingo walipokwenda kuchota maji, hatua chache kutoka nchi kavu, na redio haiwataji. Hao ujuzi ungewafaa sana.

Na tunajua ungewafaa, kwa sababu wenzetu wamejaribu. Bangladeshi ni nchi ya mito na mabwawa, na kwa miaka mingi watoto wake wamekuwa wakifa maji kwa wingi wa kutisha. Hawakusubiri kujenga mabwawa ya kisasa ya kuogelea. Walichukua mabwawa ya vijijini, wakajenga ndani yake majukwaa na uzio wa mianzi ili mtoto asipite kwenye kina, wakawafundisha vijana wa vijiji hivyo hivyo wawe walimu. Kipimo chao kilikuwa cha kawaida sana: mtoto aogelee mita 25 na aelee nusu dakika. Watafiti walipofuatilia, watoto waliopitia mafunzo walikufa maji kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na wasiopitia. Mita 25 ni kutoka nilipo mpaka kwenye ile mitumbwi mliyoipandisha mchangani. Mtoto wa darasa la pili anaziweza.

Sisi tuna miti, tuna kamba, tuna nyavu chakavu, tuna mafundi wa mitumbwi wenye mikono ya dhahabu. Mheshimiwa Diwani, sikuombi bwawa la vigae leo. Naomba nguzo, naomba eneo la ufukwe litengwe kwa ajili ya watoto, na naomba mtu wa kulilinda. Bwawa tutaliomba mwakani, na tutaliomba kwa sauti.

Mabinti. Hapa nataka baba zangu mnisikie. Msichana ndiye anayechota maji, msichana ndiye anayefua, msichana ndiye anayemwogesha mdogo wake ukingoni. Halafu tunasema kuogelea ni mambo ya wavulana. Kama ni suala la stara, stara inawezekana. Kule Nungwi, Unguja, mabinti wa Kiislamu wanafundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri kuanzia kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu, na wengine wao wamekuwa walimu. Wakija kwetu watafundishwa na mwanamke, saa yao peke yao, wakiwa wamevaa nguo ndefu ya kubana. Dera lisiingie majini, linajaa maji na kuvuta miguu chini. Wenye rasta wavae kofia, hata ya plastiki inafaa.

Na kama kuna mzazi anayedhani mchezo huu ni wa Wazungu, amtazame Kirsty Coventry wa Zimbabwe. Nchi yake haina bahari, lakini ameogelea mpaka akapata medali saba za Olimpiki, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Nawatamani wa tatu na wa nne watoke kwenye ukingo huu. Ila niseme wazi, medali sizihesabu sana. Kwangu mtoto aliyefika ufukweni kwa mikono yake mwenyewe baada ya mtumbwi kupinduka ameshashinda.

Wavuvi, zamu yenu. Mnafahamu mawimbi kuliko mimi, kwa hiyo nawaachia mambo mawili tu. La kwanza ni dumu. Dumu tupu la lita 20 lililokazwa kifuniko linaelea kwa nguvu ya karibu kilo 20, na mtu aliyezama mpaka shingoni hahitaji hata nusu ya hiyo ili abaki juu. Kila mtumbwi uwe na dumu kwa kila mtu, limefungwa kamba, tupu kabisa, lisiwekwe mafuta. Halichukui nafasi ya jaketi, ila usiku ambao jaketi haipo, shikilia dumu kifuani kwa mikono miwili, lala, piga miguu.

La pili ni kuokoa. Mtu anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani. Mdomo wake uko usawa wa maji, unatoka na kuzama, hana pumzi ya kuita. Anasimama wima, mikono inasukuma maji pembeni, na anaweza kuzama kabisa kabla dakika haijaisha. Kwa hiyo ukimwona mtoto amenyamaza majini ghafla, nenda. Lakini usimrukie mikono mitupu, atakukumbatia mzame wote. Mnyooshee kasia, mrushie dumu lenye kamba. Akishatolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni hewa mdomoni mara tano mpaka kifua kinyanyuke, kisha mkandamizeni katikati ya kifua mara thelathini kwa nguvu na kwa haraka, pumzi mbili, mara thelathini, pumzi mbili, bila kuacha mpaka apumue au mfike kwa daktari. Aliyekufa maji anadai hewa kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya hotuba hii nitawaonyesha kwa vitendo, na ningependa vijana wa mitumbwi mwe wa kwanza kupiga magoti.

Wazazi ambao hamna nafasi ya kuja, kazi inaweza kuanzia nyumbani. Beseni moja la maji safi, na mtoto anaanza kupuliza mapovu akikuona wewe unapuliza kwanza. Mtoto akiogopa, usimsukume. Najua wapo waliofundishwa kwa kutupwa majini, wengine walitoka wanaogelea. Waliotoka na hofu ya maisha ni wengi zaidi, na ndio leo hawakunyoosha mkono. Cheka naye. Mwache aombe mwenyewe kuingiza masikio.

Tutaanza Jumamosi hii, hapahapa. Wavulana saa moja asubuhi, wasichana na akina mama saa mbili, tunatoka majini saa tatu kabla jua halijakaza. Mtoto mmoja asije bila mtu mzima, na mtu mzima akija aache simu mfukoni, macho yawe majini. Leteni taulo au khanga kavu, sweta kwa wadogo, uji wa moto kwenye chupa, na kila kaya dumu moja tupu lenye kifuniko chake. Waliokula ugali muda huohuo wasubiri kidogo ndiyo waingie. Wavuvi wawili wa mwalo huu wamejitolea kukaa na mtumbwi upande wa kina muda wote wa mazoezi, na nguzo za kwanza fundi ameahidi kuzichimbia Ijumaa. Mwenyekiti ana daftari la majina pale kwenye meza, karibu na mzani. Anayetaka kuandikisha mtoto aende sasa, na anayetaka kujiandikisha mwenyewe, hata awe na wajukuu, kuna ukurasa wake.

Wabeja sana.